Mamadou Dia na Siasa ya Karanga: Kuutazama Upya Mgogoro wa Desemba 1962

Wengi wanaoandika juu ya Senegali huyamaliza matukio ya Desemba 1962 kwa hoja ambayo Mswahili angeifupisha kwa methali, mafahali wawili hawakai zizi moja. Léopold Sédar Senghor alikuwa Rais, Mamadou Dia alikuwa mkuu wa serikali, wakagongana, mmoja akaishia gerezani. Maelezo haya yanapendwa kwa sababu hayamlazimishi msomaji kufungua daftari la hesabu hata moja. Mimi nashikilia kwamba Dia aliangushwa kwa sababu ya karanga: nani azinunue, nani amkopeshe anayezilima.

Tuipime kwanza hoja ya mafahali. Dia, mwalimu mzaliwa wa Khombole, na Senghor walikiacha pamoja chama cha Lamine Guèye mwaka 1948 wakaunda chao. Kuanzia 1957 Dia aliendesha serikali huku Senghor akiwa na sauti kubwa chamani. Agosti 1960, Shirikisho la Mali, muungano wa Senegali na Sudani ya Kifaransa (Mali ya leo), lilipovunjika, ni hao wawili waliosimama bega kwa bega Modibo Keïta, kiongozi wa upande wa Sudani, akirudishwa Bamako kwa treni. Nitajibiwa kwamba ugomvi ulianza pale tu katiba ya 1960 ilipounda vyeo viwili vya juu. Haya, na tukubali. Lakini mwaka 1970 Senghor mwenyewe alikirudisha cheo cha waziri mkuu, akampa Abdou Diouf, wakafanya kazi pamoja miaka kumi. Zizi likaingia fahali wa pili, na hakuna aliyevunjwa pembe. Kama vyeo viwili ndivyo vilivyokuwa sumu mwaka 1962, mbona mwaka 1970 vilinyweka?

Turudi basi kwenye karanga, zilizobeba sehemu kubwa mno ya mauzo ya nje ya Senegali na ambazo Ufaransa ilizinunua kwa bei ya juu kuliko ya soko la dunia. Nafuu hiyo haikumfikia mkulima ikiwa nzima. Msimu wa mvua, ghala likiwa tupu, mfanyabiashara alimkopesha chakula na mbegu. Wakati wa mavuno alikuja kudai chake. Nyuma ya mfanyabiashara zilisimama kampuni za Kifaransa, na pembeni masheikh wa tarika, baadhi yao wakulima wakubwa kuliko wote. Serikali ya Dia iliunda shirika la umma la kununua mazao, benki ya maendeleo ya kukopesha, na vyama vya ushirika vijijini. Mpango wake wa maendeleo ulitayarishwa kwa msaada wa padri na mchumi Mfaransa Louis-Joseph Lebret. Hati ninayoipenda kuliko zote, na wanafunzi wangu wamekwisha kuchoka kuisikia, ni waraka wa Dia wa Mei 1962. Waraka wa serikali kwa desturi huongeza madaraka ya anayeuandika. Huu unayapunguza. Unataka vyama vya ushirika vikue kutoka kuuza karanga tu hadi kubeba shughuli zote za uchumi wa kijiji, na watumishi wa serikali wazidi kurudi nyuma kadiri wakulima wanavyojipanga. Usomeni kwa jicho la mfanyabiashara wa Kaolack, mji wa biashara ya karanga, mtafute humo mahali pake. Hamtapaona.

Nitaambiwa niache karanga nitazame tarehe 17 Desemba. Dia alituma askari kulifunga Bunge na wabunge wanne wakakamatwa; wenzao wakakutana nyumbani kwa Lamine Guèye, aliyekuwa Spika, wakapitisha hoja ya kutokuwa na imani naye kwa kura 47. Kulifunga Bunge lilikuwa kosa, na sina nia ya kumtakasa. Lakini Baraza la Taifa la chama lilikuwa likutane tarehe 20, na Dia alishika msimamo kwamba neno la chama linatangulia. Mtu anayengoja kikao cha chama siku tatu mbele anataka kuahirisha kura; hapindui nchi. Wengine husema wabunge walichoshwa na ubabe wake. Ubabe ulikuwepo: chama cha Kimarx cha PAI kilipigwa marufuku mwaka 1960, na Cheikh Anta Diop, mwanahistoria na mpinzani wa serikali, akawekwa ndani mwaka 1962. Bunge lile lile halikumwangusha kwa hayo. Lilimwangusha mageuzi ya ushirika yalipoanza kugusa mifuko.

Dia alikamatwa tarehe 18. Mei 1963 alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama iliyokuwa na wabunge ndani yake kama waamuzi, akapelekwa Kédougou, kusini-mashariki mwa nchi, asitoke hadi 1974. Mawaziri wake Valdiodio N'Diaye, Ibrahima Sarr na Joseph Mbaye walipewa miaka 20 kila mmoja. Hapo ndipo hoja ya mafahali inapoishiwa pumzi kabisa, kwani fahali akiondoka malisho hubaki yale yale, ila ya Senegali yalibadilika. Ushirika ulibaki kwa jina. Kuanzia 1966 uliwekwa chini ya ONCAD, shirika kubwa la serikali lililouamuru kutoka juu, likavunjwa mwaka 1980 likiwa limezama katika madeni. Wakulima hawakungoja mwaka huo. Ufaransa ilipoacha bei yake ya upendeleo na ukame ulipoingia, mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi waligoma kulipa madeni ya mbegu na mbolea, wakapunguza karanga, wakapanda uwele wa kula nyumbani.