Kompyuta ya Kikundi Ijifanyie Kazi Ndogo Ndogo

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kariokor, Nairobi)



Nimeombwa niseme juu ya ile kompyuta ambayo vikundi vingi siku hizi huiweka nyumbani kwa katibu. Ndani yake mna daftari la mikopo na michango ya kila mwezi. Kwa wale wanaouza vyondo na viatu vya ngozi hapa sokoni, mna oda za wateja pia. Yaani jasho la kikundi kizima limekaa katika sebule ya mtu mmoja.

Na katibu huyo anajitolea tu. Tumemwambia afute takataka, atafute virusi, na kila Ijumaa anakili daftari. Wiki ya kwanza atafanya. Wiki ya sita mtoto ni mgonjwa, na Ijumaa imepita. Siku diski ikifa, nani atasema Mama fulani alilipa mkopo wake au hakulipa? Vikundi huvunjika kwa jambo kama hilo, na watu wasiongee tena.

Jina la mtaa wetu lilitokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, watu waliobebeshwa mizigo mpaka wengi wakafa njiani. Mzigo huu wa kila Ijumaa hauna haja ya mgongo wa mtu. Mashine iubebe yenyewe.

Jambo hili si geni. Kompyuta za Unix zilikuwa na programu ya namna hii, cron, tangu miaka ya 1970. Katika Windows inaitwa Task Scheduler: unaiambia kazi gani ifanywe, siku gani, saa ngapi. Lakini angalieni. Ukipanga saa nane usiku na huku kompyuta imezimwa au stima imepotea, kazi haitafanyika. Basi pangeni saa ambayo katibu huwa ameiwasha. Halafu ndani ya mpango huo mna kisanduku cha kuweka alama, kinachosema kazi iliyokosa saa yake ifanywe mara tu inapowezekana. Kitieni alama hiyo, maana stima yetu mnaijua.

Takataka ni rahisi. Windows 10 na 11 zina Storage Sense, ambayo husafisha mafaili ya muda kila wiki au kila mwezi, mnavyotaka. Msiiruhusu tu kufuta mafaili mliyopakua kutoka mtandaoni, kwani risiti za benki mara nyingi hukaa huko.

Masasisho ndiyo watu huyazima, ati yanakula bando. Ni kweli yanakula. Lakini Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza, na kudai pesa. Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi mwaka huo huo! Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wameiweka. Kama mnatumia mtandao wa simu, iambieni Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Itazuia mengi ya masasisho makubwa. Kisha mara moja kwa mwezi ipelekeni kompyuta mahali penye waifai ijaze tumbo. Na wenye Windows 10 wajue kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ratiba inaweza kuendelea vizuri kabisa, huku kinga mpya haziji. Mashine haitapiga kelele kuwaambia.

Sasa nakala za daftari, na hapa ndipo pesa zilipo. Windows ina File History. Ukichomeka diski ya nje na kuiwasha, hunakili mafaili yako kila saa bila kuulizwa. Ni kazi nzuri, ila diski ikiachwa imechomekwa daima, virusi kama vile vitafunga nakala pamoja na daftari lenyewe, na mwizi atabeba vyote viwili. Mimi napendelea diski mbili. Moja iko kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina, na siku ya mkutano zinabadilishana. Zifungwe kwa nenosiri, kwani majina na namba za simu za wanachama zinalindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019.

Hayo ya diski hayawezi kufanywa na ratiba, na vumbi la kwenye feni pia halitajifuta. Tena nakala ambayo hakuna mtu amewahi kuifungua, mimi siihesabu kuwa nakala.

Basi katika mkutano wenu ujao, mweka hazina alete diski yake. Ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, si ile ya katibu, na daftari la mwezi uliopita lifunguliwe mbele ya wanachama wote. Mtu yeyote achague jina moja, na hesabu zake zisomwe kwa sauti.