Barua ya Pili: Ushahidi wa Mwombaji wa Chuo cha Utabibu

Hotuba kwa wazazi na vijana wa Arua na Koboko



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yatangazwapo, katika nyumba nyingi za Arua na Koboko husikika neno moja: mtoto ataka kuwa daktari. Neno hili ni la furaha, tena ni la haja. Mgonjwa aliyeshindikana Koboko hupelekwa Arua, na aliyeshindikana Arua hupelekwa Kampala, safari ya karibu kilomita 500. Hospitali ya Rufaa ya Arua hutazamiwa na watu wa West Nile nzima, pamoja na wageni waliokimbia vita vya Sudan Kusini na Kongo. Basi kila kijana wa hapa apataye elimu ya utabibu si mali ya baba yake peke yake.

Mazungumzo ya leo hayahusu biolojia wala kemia, kwani masomo hayo yana walimu wake. Yahusu kalamu. Wapo vijana walioshinda mitihani yote, kisha wakasimamishwa mlangoni na karatasi moja iliyowauliza: Wewe ni nani, umefanya nini, na kwa nini waja kwetu?

Kwanza ni haki kueleza mahali ambapo karatasi hiyo haitakiwi, ili mtu asipoteze fedha yake. Makerere, ambako utabibu umefundishwa tangu mwaka 1924. Mbarara, kilichoanza mwaka 1989. Na Gulu, kilichofungua mafunzo ya utabibu mwaka 2004: katika vyuo hivi vya serikali kijana atokaye shule huchaguliwa kwa alama za mtihani, na biolojia na kemia ndizo zenye uzito mkubwa. Nafasi zinazolipiwa na serikali, kwa masomo ya kila namna, ni karibu 4,000 kwa mwaka. Nyingi hutolewa kwa alama, na tangu mwaka 2005 sehemu yake imegawanywa kwa wilaya. Hapo hapana insha. Mtu akimwendea mzazi sokoni akamwambia kwamba kwa fedha kidogo ataandika barua ya kumwingiza mtoto Makerere, mzazi na ajue kwamba anauziwa upepo.

Barua hutakiwa katika njia nyingine. Msaada wa masomo wa serikali ya Uturuki, ujulikanao kwa jina la Türkiye Bursları, humtaka mwombaji aeleze kusudi lake kwa maandishi. Uingereza, mwombaji huandika maelezo yasiyozidi herufi 4,000, nafasi baina ya maneno zikihesabiwa pia. Na kwa wanaoomba kuingia tangu mwaka 2026, maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu. Marekani, ambako wamo watoto wa jamaa waliohama huku, kazi ni kubwa zaidi. Huko mtu hasomi utabibu mpaka awe amesoma chuo kikuu kwanza, na kufanya mtihani uitwao MCAT. Kisha hupeleka maombi katika ofisi moja ihudumiayo vyuo vingi, iitwayo AMCAS, pamoja na insha isiyozidi herufi 5,300. Baada ya hayo kila chuo humletea maswali yake chenyewe, na majibu ya maswali hayo ndiyo barua ya pili. Mwombaji aliyeomba vyuo ishirini huweza kuletewa mafungu ishirini ya maswali katika majuma machache. Desturi ni kujibu kila fungu kwa muda wa majuma mawili hivi, na vyuo vingi hutoza ada. Tena na ijulikane mapema: vyuo vingi vya utabibu vya Marekani havimpokei mgeni asiye na haki ya ukaazi huko. Yafaa kuuliza hilo kabla ya kulipa, si baada yake.

Mtu ataweza kuuliza: ikiwa barua ya kwanza imekwisha kusomwa, ya pili ni ya nini? Jawabu ni kwamba barua ya kwanza humjulisha mtu, na ya pili humhoji. Katika ile ya kwanza mwombaji huchagua mwenyewe la kusema. Katika ya pili ni chuo kichaguacho swali, naye hulazimika kujibu lile aliloulizwa. Ndiyo maana wengi waliopita vizuri kwanza huanguka hapa. Huuliziwa mashariki wakajibu magharibi, kwa kuwa wana maneno mazuri waliyoyahifadhi na hawataki yapotee.

Kosa lililo kubwa kuliko hilo ni barua ya kuazima. Kijana huchukua barua ya mwenzake aliyefaulu akabadili jina na kijiji. Au humlipa mwandishi wa mjini. Au, siku hizi, huiamuru programu ya kompyuta imwandikie naye akatia sahihi. Hasara ya jambo hili ni mbili. Ya kwanza ni ya dunia. Wasomaji wa vyuo husoma barua maelfu kila mwaka, na barua za kuazima hufanana kama sare za shule. Tena mwombaji akiitwa kuhojiwa, huulizwa juu ya yale yaliyoandikwa, naye hujikuta mgeni katika maisha yake mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi. Hasara ya pili ni ya amana. Barua hii ni ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake, na kila Mwislamu ajua uzito wa ushahidi wa uongo. Atakayekuwa daktari ataandika cheti cha mgonjwa, ataandika dawa, ataandika sababu ya kifo. Aliyeanza kazi hiyo kwa karatasi ya uongo ameanza vibaya.

Sasa yafaa kuyatazama maswali yenyewe. Yajapokuwa na sura nyingi, mengi yao hurudi katika mambo manne.

Swali la kwanza ni hili: Kwa nini utabibu? Wengi hujibu kwamba tangu utoto wamependa kuwasaidia watu. Maneno haya si mabaya, lakini hayamtambulishi mtu, kwa kuwa mwalimu naye huwasaidia watu, na fundi wa visima pia. Na achukuliwe kijana wa Koboko kwa mfano. Huko malale yalikuwa balaa ya miaka mingi. Tangu mwaka 2011 vilianza kusimamishwa kando ya mito ya West Nile vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu uliotiwa dawa ya kuua mbung'o, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba malale ya aina hii yameondolewa Uganda yasiwe tena tatizo la afya ya umma. Ikiwa kijana huyo alimwona jirani akitibiwa, au alibeba vitambaa vile mpaka mtoni, akastaajabu kwamba kipande cha nguo huweza kumwokoa mtu na kifo, basi hapo ndipo jawabu lake lilipo. Na aseme aliona nini, aliuliza nini, na ni jambo gani hakulielewa likamfanya ataka kusoma zaidi. Na ikiwa hakuyaona hayo, asiyataje. Atafute la kwake.

Swali la pili ni hili: Umefanya nini kwa ajili ya wengine? Hapa funzo lipo karibu. Kusini ya mji wa Arua ipo hospitali ya misheni ya Kuluva, ambako daktari Ted Williams alianza kazi katika miaka ya 1940. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 yeye na madaktari Denis Burkitt na Clifford Nelson waliondoka Kampala kwa motokaa kuukuu, wakasafiri majuma kumi, mwendo wa kilomita 16,000 hivi, mpaka kusini ya Afrika na kurudi. Katika kila hospitali waliuliza habari za saratani ivimbishayo mataya ya watoto. Na huko Kuluva Williams aliweka daftari, akiandika kila mtoto aliugua lini na ametoka kijiji gani. Mwaka 1967 habari za watoto wa West Nile waliougua kati ya mwaka 1961 na 1965 zilitolewa katika jarida la madaktari wa Uingereza. Zilionyesha kwamba ugonjwa ule ulitokea kwa mafungu, mahali fulani na kwa wakati fulani. Hayakuwa maneno makubwa yaliyoufaa ulimwengu. Zilikuwa tarehe na majina ya vijiji, yaliyoandikwa kwa uaminifu katika hospitali ndogo.

Mwombaji na afuate mwendo huo. Asiseme kwamba aliitumikia jamii kwa moyo wote. Aseme kwamba kila Jumamosi, kwa miezi minane, aliwafasiria wakimbizi Kikakwa kwa Kiingereza katika zahanati. Kwamba siku moja neno la mgonjwa lilifasiriwa visivyo. Na kwamba tangu siku ile alimwomba mgonjwa arudie maneno yake kabla ya kuyapeleka kwa mwuguzi. Tendo dogo lililosemwa kwa kipimo chake lina nguvu kuliko tendo kubwa lisilo na tarehe.

Swali la tatu ni zito: Ni shida gani imekupata, nawe uliichukuaje? Watu wa West Nile hawana upungufu wa habari za shida. Baada ya serikali kuanguka mwaka 1979, jamaa nyingi zilikimbilia Zaire na Sudan, zikakaa miaka huko kabla ya kurudi. Lakini mwombaji wa leo hakuwapo. Habari ya kuvuka mpaka ni ya babu yake, na aliyeteseka ndiye mwenye haki ya kuisimulia. Mjukuu aweza kuitaja kwa sentensi moja, kisha aingie katika yaliyompata mwenyewe: ada iliyokosekana muhula mzima, mtihani alioshindwa akaurudia, mama mgonjwa aliyemwuguza huku akisoma. Tena na afahamu kwamba chuo hakitoi nafasi kwa machozi. Hakiulizi ni nani aliyeumia zaidi, huuliza mtu alifanya nini alipoumia, na alijifunza nini. Barua yenye kilio tupu humfanya msomaji amhurumie mwandishi, asimwone kuwa daktari. Na siri za nyumba zibaki nyumbani. Hakuna chuo kiwezacho kumlazimisha mtu kuifunua aibu ya mzazi wake.

Swali la nne ni hili: Kwa nini chuo chetu? Mwombaji asiwasifu wenye chuo kwa ukubwa wa majengo yao. Na asome habari zao: wafundisha nini, watibu watu wa namna gani, watafiti wao washughulika na magonjwa gani. Kijana wa Arua ana jambo la kumsogeza karibu na watafiti hao. Virusi viitwavyo kwa jina la West Nile vilipatikana mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa wilaya hii, na baadaye vikawasumbua watu mpaka New York, mwaka 1999. Ikiwa chuo kina wachunguzi wa magonjwa yaenezwayo na mbu, mwombaji aweza kusema kwa ukweli kwamba jina la kwao limo katika vitabu vya chuo hicho, naye angependa limo pia katika orodha ya madaktari wake. Lakini jawabu lililofaa chuo kimoja lisipelekwe kingine kwa kubadili jina tu. Wako waliosahau kulibadili hata hilo jina.

Imebaki kazi ya wazee. Mzazi asiyejua Kiingereza asidhani kwamba hana la kufanya. Kijana na aketi naye jioni, ayajibu maswali kwa mdomo kwanza, kwa Kiswahili, au Kilugbara, au Kikakwa, au Kinubi, kama lugha ya nyumba ilivyo. Mzee na amwulize: Ilikuwa lini? Nani alikuwapo? Wewe ulifanya nini? Na amkumbushe aliyoyasahau, na amkataze aliyoyaongeza. Likisha kuwa kweli katika lugha ya nyumbani, ndipo litiwe katika Kiingereza. Mwalimu na asahihishe sarufi, lakini asibadili habari. Na yule aombwaye barua ya sifa, akiwa imamu au mkuu wa shule, aandike anayoyajua tu. Kumsifu kijana kwa asilolitenda si kumsaidia.

Kwa chama cha Waislamu hapa, kazi hii haihitaji jengo wala mfuko mkubwa. Yatosha chumba kimoja baada ya sala ya Isha, walimu wawili wenye subira, na orodha ya tarehe za mwisho za maombi iliyobandikwa mahali ambapo wasichana na wavulana wote waweza kuisoma. Wasichana hasa wasisahauliwe, kwani wengi wao hufanya kazi ya kuuguza nyumbani bila ya kujua kwamba kazi hiyo nayo yastahili kuandikwa.

Wako watakaoandika kwa ukweli wote na bado wasichaguliwe, kwa kuwa nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Huyo hakupoteza. Ameketi na nafsi yake akaihesabu, naye aweza kuomba tena mwaka ujao, au kuingia katika uuguzi katika Chuo Kikuu cha Muni papa hapa Arua, na kuwatumikia watu wale wale. Bali aliyeingia kwa maneno ya mwingine ana deni, na siku moja mgonjwa ndiye atakayelilipa.

Wabillahi tawfiq.