Vijana, hivi ndivyo ngome ya mashambani ilivyong'oka Uingereza

Maneno haya niliyaandaa niyaseme kijiweni kwetu Jumamosi jioni. Wewe unayeyasoma gazetini jihesabu umekaa nasi kwenye benchi. Mimi si mtaalamu, niliishia kidato cha nne, kazi yangu ni kuokota habari na kuziuza. Ila kujumlisha najua, na leo nimekuja na hesabu.

Kuna wimbo tunaouimba sana vijiweni: mpinzani ni wa mjini, akifika kijijini anazama. Sasa twende kwenye wilaya moja ya mashambani, tena ya hao hao Waingereza waliotuachia mtindo huu wa kura ambao anayeongoza hata kwa kura moja anabeba kiti.

Wilaya yenyewe inaitwa Mid Suffolk, iko mashariki mwa Uingereza. Sensa ya 2021 iliwakuta watu laki moja na elfu mbili na ushee. Usitafute maghorofa huko. Ni mashamba ya ngano na shayiri, vijiji vyenye makanisa ya zamani, na miji midogo kama Stowmarket, Needham Market na Eye. Chama cha Conservative, chama cha wenye mashamba na wazee wenye akiba zao, kilikuwa kimejichimbia huko. Mwaka 2015 kilichukua viti 29 kati ya 40 vya halmashauri. Chama cha Kijani kikaambulia 5.

Usishituke kusikia kijani. Hii siyo ile unayoijua wewe! Hawa ni watu wa mazingira, na kwa miaka mingi wengi waliwaona kama chama cha kuchekesha wanafunzi.

Basi fuata hesabu. Uchaguzi wa 2019 viti vilikuwa vimepunguzwa hadi 34. Conservative walipata 16, Kijani 12. Tarehe 4 Mei 2023 wananchi wakarudi kwenye masanduku, na masanduku yalipofunguliwa Kijani walikuwa na 24, Conservative 6, Liberal Democrats 4. Tangu Uingereza iwe na chama hicho, kilikuwa hakijawahi kushika peke yake zaidi ya nusu ya viti vya halmashauri yoyote. Mjini Brighton waliwahi kuongoza mwaka 2011, lakini bila wingi. Ngome ya kwanza waliyoibeba mzima mzima ilikuwa ya wakulima.

Utaniambia ulikuwa upepo. Kweli, upepo ulivuma. Boris Johnson alikuwa ameondoka kwa aibu mwaka 2022, Liz Truss akakaa siku 49 akafungasha virago, na siku hiyo ya Mei Conservative walipoteza madiwani zaidi ya 1,000 katika England. Lakini hebu jiulize swali moja. Labour, chama kikubwa ambacho mwaka mmoja baadaye kilikwenda kuchukua serikali nzima, kilipata viti vingapi Mid Suffolk? Jumlisha mwenyewe 24, 6 na 4. Sifuri! Upepo uliangusha embe, aliyeokota ni yule aliyekuwa tayari chini ya mti.

Na alifikaje chini ya mti? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Mbinu yao hawaifichi. Hawatawanyi nguvu kila kona. Wanachagua kata chache, wanagonga milango ya kata hizo mwaka mzima, siyo wiki tatu za kampeni. Wanauliza una shida gani. Bibi anasema taka hazikuchukuliwa, wanafuatilia taka. Mwingine anasema shamba la jirani linataka kujengwa nyumba mia na barabara ni ile ile, wanakwenda kusimama kwenye kikao cha mipango miji. Wakipata diwani mmoja, huyo anakuwa mfano wa kuonyesha kata ya pili. Tano, kumi na mbili, ishirini na nne. Hakuna helikopta, hakuna fulana wala kofia. Diwani mwenyewe halipwi mshahara, anapewa posho.

Kugombea kwenyewe hakuna dhamana ya fedha, na fomu ya udiwani inataka saini mbili tu za wapiga kura. Ukitoka hapo, ni miguu yako.

Kupiga kura je? Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, kwenye kumbi za vijiji, makanisani, hata kwenye baa. Na kura hupigwa kwa penseli! Ndiyo, penseli. Nilipomsimulia jamaa yangu mmoja alicheka mpaka akakohoa, akasema kwetu hiyo penseli ingekuwa na ufutio nyuma. Na msimamizi wa uchaguzi ni nani? Kwa kawaida ni mkurugenzi wa halmashauri. Usicheke tena. Tofauti ni kwamba mkurugenzi huyo huajiriwa na halmashauri yenyewe, hateuliwi na mkuu wa serikali, na kwenye kazi ya uchaguzi sheria inambana yeye binafsi. Mawakala wanasimama wakitazama karatasi zikihesabiwa, na wakitilia shaka wanaomba zihesabiwe upya.

Ukitaka kujua wanavyoheshimu karatasi moja, nenda kaskazini, kaunti ya Northumberland, mwaka 2017. Kata ya South Blyth wagombea wawili walifungana, 356 kwa 356. Wakachomoa vijiti. Liberal Democrat akapata kirefu, Conservative akapata kifupi, na chama chake kikabaki na viti 33 kati ya 67. Kimoja tu kilikosekana waitawale kaunti nzima, wakakiacha kiende na kijiti.

Nirudi Mid Suffolk. Mwezi Julai 2024 jimbo jipya la Waveney Valley, lenye kipande cha wilaya hii, lilimpeleka bungeni Adrian Ramsay wa Kijani kwa tofauti ya kura zaidi ya 5,500. Udiwani ukazaa ubunge. Lakini nisiwapake mafuta. Ramsay hakukaa hata mwezi, akajikuta kwenye kasheshe la nguzo kubwa za umeme zitakazopita Suffolk kuusafirisha umeme wa upepo wa baharini. Wenye vijiji hawazitaki, naye akaomba mradi usimamishwe kwanza. Mtu wa mazingira anapinga nguzo za umeme safi! Wakamcheka, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Ukichaguliwa na kijiji, kijiji kinakudai.

Pigo kubwa zaidi limetoka London. Desemba 2024 serikali ya Labour ilitangaza mpango wa kufuta halmashauri za wilaya katika kaunti kama Suffolk na kuziunganisha ziwe mamlaka kubwa. Uchaguzi wa kaunti hiyo uliokuwa ufanyike Mei 2025 ukaahirishwa. Kwa hiyo wale waliogonga milango miaka yote hiyo, hawakuibiwa hata karatasi moja, na bado kiti walichokalia kinaweza kuondolewa kwa sheria ya Bunge. Huko hakuna katiba iliyoandikwa ya kuilinda halmashauri. Hilo walalahoi wa Stowmarket wanalijua sasa.

Mwisho, nina neno kwako wewe mwenye kaka au dada Uingereza. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, udiwani na ubunge pia. Tangu Mei 2023 lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasi yake ya Tanzania inakubalika kituoni. Uchaguzi wetu wa 2020 haukuwa na kituo hata kimoja nje ya nchi, kwa hiyo kaka yako alikaa anatusoma kwenye simu. Lakini diwani wa mtaa anaolala anaweza kumchagua. Akikupigia simu Jumapili hii, kabla hujamwomba viatu, muulize kama amejiandikisha.