Njia ya Baiskeli Huombwa Mkutanoni

Msikilizaji wa Singida, baiskeli yako hubeba alizeti, madumu ya maji, hata mtoto wa shule. Lakini barabarani mnagombania njia na malori. Njia salama ya baiskeli haiji yenyewe. Huombwa.

Dar es Salaam, wapanda baiskeli waliungana wakaunda umoja uitwao UWABA, kutetea usalama wao. Nasi tuanzie mkutano wa kijiji au mtaa. Hudhuria. Taja mahali penye hatari. Hakikisha ombi limeandikwa kwenye muhtasari. Kisha ombi lifike kwa wakala wa serikali anayehusika. Barabara kuu zipo chini ya TANROADS. Za vijijini na mitaani, TARURA.

Nakumbusha: njia salama huombwa. Mkutano ujao, usikose.