Hedhi Inapokawia: Ijue PCOS na Namna ya Kuidhibiti

Popote ulipo, iwe uko jikoni hapo Kamakis ukiandaa chakula cha mchana, uko sokoni Ruiru, ama umo ndani ya matatu ukielekea Thika, tega sikio kidogo. Mada ya leo ni ya wanawake, lakini baba akiwa karibu asiondoke. Kuna mahali tutamhitaji.

Nianze na jambo ambalo huenda hukulitarajia, nalo ni shingo ya binti yako.

Pengine una msichana wa miaka 15 au 16, na umeona ngozi ya nyuma ya shingo yake imekuwa nyeusi, nene, laini kama kitambaa cha mahameli. Makwapani pia iko hivyo. Mama wengi wakiona hivyo husema ni uchafu. Mtoto anasuguliwa kwa jiwe la kusugulia visigino na sabuni ya kipande mpaka ngozi inawasha, anaambiwa hajui kuoga, na shuleni wenzake wanamcheka. Naye anajua ameoga.

Mama, weka hilo jiwe chini. Huo si uchafu. Mara nyingi ngozi ya namna hiyo inatuonyesha kwamba ndani ya damu kuna insulini nyingi kupita kiasi. Badala ya kumsugua, mkalishe kando mahali pa faragha umuulize: siku zako za mwezi huja vipi? Akikwambia kwamba zilikuja mwezi wa pili, halafu zikarudi mwezi wa saba, na uso wake umejaa chunusi zisizosikia dawa, na vinyweleo vigumu vimeanza kuota kidevuni, basi ni wakati wa kumpeleka kwa daktari. Huenda ni ile hali ambayo madaktari huiita PCOS.

Si ugonjwa mpya, wala haukuletwa na chakula cha kisasa peke yake. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari zake mwaka 1935 baada ya kuwatazama wanawake saba. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 6 hadi 13 wanayo hali hii, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wanayo. Wengi wameambiwa maneno mengine, nayo ni machungu: tasa, amerogwa, alitoa mimba akiwa shuleni.

Sasa sikiliza inavyofanya kazi, kwa maana ukielewa hapa, mengine yote yatakuwa mepesi. Insulini ni homoni inayofungua mlango ili sukari iliyo katika damu iingie kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili ikatumike. Kwa wanawake wengi wenye PCOS mlango huo umekuwa mgumu. Mwili unajibu kwa kutengeneza insulini zaidi, na zaidi. Insulini hiyo nyingi inakwenda kuzichochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiwango. Kila mwanamke ana homoni hizo kidogo, hilo ni la kawaida. Zikizidi ndipo ndevu na chunusi hutokea, na mayai yanaanza kukua kisha yanasimama njiani bila kukomaa. Yai lisipotoka, hedhi nayo haina ratiba.

Hayo mayai yaliyosimama njiani ndiyo yanayoonekana kwenye picha ya ultrasaundi kama vifuko vingi vidogo. Hapa ndipo watu hutishika. Mwanamke anaambiwa "una vifuko kwenye ovari," anasikia "una uvimbe," na kabla hajafika nyumbani ameshauziwa chupa ya dawa ya kuyeyusha uvimbe. Hakuna uvimbe wa kuyeyusha. Jina la ugonjwa lenyewe linapotosha, na limewatajirisha wengi.

Daktari hathibitishi hali hii kwa picha peke yake. Hutazama mambo matatu: hedhi isiyo na mpango, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na hali ya ovari. Mwanamke mzima akiwa na mawili kati ya hayo matatu, na magonjwa mengine yakishaondolewa, ndipo husemwa ana PCOS. Magonjwa hayo mengine ni kama shida ya tezi ya thairoidi na kuzidi kwa homoni ya maziwa. Kwa hiyo usishangae ukitolewa damu. Tena cha kwanza kupimwa ni mimba, na usimkasirikie muuguzi kwa hilo.

Kwa msichana mambo ni tofauti kidogo. Mwaka wa kwanza tangu avunje ungo, hedhi kuruka ruka ni kawaida. Lakini ikipita siku 90 bila hedhi, wakati wowote, apelekwe. Akifika miaka 15 bila kuona hedhi hata mara moja, apelekwe pia. Kumpiga picha ya ovari si lazima. Ovari za msichana anayekua huwa na vifuko vingi hata akiwa mzima kabisa, na miongozo ya madaktari ya mwaka 2023 inasema picha hiyo isitumike kabla ya kupita miaka minane tangu hedhi ya kwanza.

Je, hali hii inapona? Haiponi kama malaria inavyopona. Inadhibitiwa, na sehemu kubwa ya udhibiti huo iko nyumbani kwako.

Tuanze na kikombe. Chai ya maziwa tunaipenda, nami siwezi kusimama mbele ya watu wa Kiambu niwaambie waache chai. Lakini hesabu nami. Vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12. Ongeza soda ya nusu lita ambayo peke yake ina zaidi ya vijiko 10. Insulini ya mama huyo itapumzika saa ngapi? Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Sharubati za kununua ziache. Kula chungwa lenyewe pamoja na nyuzi zake.

Kamakis inajulikana kwa nyama choma, na kina mama wengi wamesikia kwamba nyama ndiyo adui. Kwa maoni yangu nyama inaonewa. Tatizo kubwa ni vile vinavyoizunguka mezani: sahani ya chipsi, mlima wa ugali mweupe, soda mbili, na yote hayo saa tatu usiku kisha kulala. Ukienda na familia Jumapili, agiza kachumbari na sukuma wiki vijae nusu ya sahani, nyama isiyo na mafuta mengi iwe robo, na ugali robo. Ugali wa wimbi na mtama unashibisha muda mrefu kuliko ule wa unga uliokobolewa. Nyumbani una ndengu, maharagwe, njahi, githeri, managu na terere, na maparachichi yakiwa ya msimu hayana bei. Nduma na viazi vitamu pia vyafaa, lakini vyote ni wanga, kwa hiyo vipande viwili, si sufuria. Mandazi na mkate mweupe kila asubuhi ndivyo ningeanza kuvipunguza.

Hakuna mlo mmoja maalumu wa PCOS. Ukiuziwa ratiba ya chakula ya maelfu ya shilingi, jua kwamba wataalamu hawajaona mlo mmoja unaoshinda mingine. Mlo mzuri ni ule utakaoweza kuula mwaka mzima bila kuumiza mfuko.

Kuhusu uzito, tafadhali tuwe wapole. Mama wa kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 huweza kuona hedhi ikirudi kwenye mpango na mayai kuanza kutoka. Si lazima awe mwembamba. Na wapo wanawake wembamba wenye PCOS, hao usiwanyime chakula. Binti naye asiitwe bonge mbele ya wageni. Msongo wa mawazo na huzuni huwapata sana wenye hali hii, na maneno ya nyumbani huongeza.

Mwili pia unataka kutembea. Lengo ni angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, yaani nusu saa kwa siku tano, mwendo wa kukufanya uhemeke kidogo lakini bado waweza kuongea. Shuka matatu kituo kimoja kabla. Acha boda boda kwa safari fupi. Kando ya Bypass magari ni mengi, kwa hiyo pita barabara za ndani, asubuhi kukiwa kumepambazuka, na mtafute jirani wa kutembea naye. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari bila kuhitaji insulini nyingi, na faida hiyo unaipata hata kama mizani haijasonga.

Sasa tuje kwa dawa za asili, kwa sababu najua ndizo mnazoulizia zaidi.

Chai ya minti imejaribiwa. Uturuki mwaka 2007 wanawake 21 waliinywa vikombe viwili kwa siku kwa siku tano, na Uingereza mwaka 2010 wanawake 42 walishiriki katika jaribio la siku 30. Homoni za kiume zilishuka, lakini vinyweleo vilipopimwa havikuwa vimepungua kwa muda huo mfupi. Kwa hiyo ukiinywa bila sukari haina neno, ila usitarajie ndevu zianguke. Mdalasini na uwatu huenda vikasaidia kidogo sukari ya damu, ingawa ushahidi wake bado ni mdogo. Tia mdalasini kwenye uji kama kiungo. Kuula kwa vijiko kila siku ni jambo lingine, kwani aina inayouzwa sana madukani ina kemikali ya kumarini inayoweza kuumiza ini. Na uwatu mwingi haufai kwa mwenye mimba. Kumbuka kwamba mwenye PCOS anaweza kushika mimba bila kujua, maana kukosa hedhi kwake si ajabu.

Ambacho sitakipa nafasi hata kidogo ni zile lulu na vidonge vya kuingiza ukeni, eti vinasafisha kizazi. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. PCOS iko kwenye homoni, na kitu kilichowekwa ukeni hakiwezi kuifikia. Kinachoweza kufanya ni kuunguza ngozi ya ndani na kuleta maambukizi, na maambukizi yakipanda juu huziba mirija. Mwanamke aliyekuwa na tatizo moja linalotibika anabaki na mawili.

Dawa za hospitali zina kazi yake. Metformini husaidia insulini, na huchafua tumbo mwanzoni, kwa hiyo imeze na chakula. Ukichanganya na mitishamba ya kushusha sukari, mwambie daktari. Vidonge vya kupanga uzazi hupewa kurekebisha hedhi, hata kwa asiyehitaji kupanga uzazi. Najua mama atauliza, mwanangu wa miaka 17 apewe vidonge hivyo kwa nini? Ni kwa sababu ngozi ya ndani ya kizazi ikijengeka miezi na miezi bila kumwagika, miaka ikipita inaweza kugeuka saratani. Vidonge hivyo vinailinda. Havimfanyi kuwa mhuni na havimalizi kizazi chake.

Na anayetafuta mtoto? Hapa ndipo baba avute kiti. Wanawake wengi wenye PCOS huzaa. Ipo dawa iitwayo letrozoli inayosaidia yai kutoka, hutolewa na daktari wa magonjwa ya wanawake, na kwa hali hii ndiyo ya kwanza kutumiwa. Lakini kabla ya kuanza, mume naye apimwe mbegu. Nyumba nyingi mke amezunguka miaka mitano na mume hajatoa hata sampuli moja. Mke aanze pia foliki asidi mapema, na mimba ikiingia amwambie muuguzi wa kliniki kuhusu PCOS, kwa sababu kisukari cha ujauzito huwafuata hawa zaidi.

Usingoje ukiona haya: damu inayojaza pedi kila saa, kiu na mkojo usioisha, maziwa kutoka kwenye titi wakati hunyonyeshi, ama sauti kuwa nzito na ndevu kuota kwa kasi katika wiki chache. Hilo la mwisho huenda si PCOS kabisa, na linahitaji daktari upesi.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakiona haja watakutuma kwa mtaalamu Thika Level 5, ama Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyofunguliwa mwaka 2019. Kama umejisajili na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, beba kitambulisho. Beba pia daftari dogo ambamo umeandika tarehe ya kwanza ya kila hedhi kwa miezi sita iliyopita, dawa zote unazomeza pamoja na za mitishamba, na ndugu wa karibu wenye kisukari. Ikiwa ni binti, mwache aandike kwa mkono wake, na daktari akiomba kuzungumza naye peke yake kidogo, toka nje umngoje kwenye benchi.

Wiki ijayo tutazungumzia maumivu makali ya hedhi. Kwaheri kwa sasa.