Je, Dizeli Yenye Tabo Inahitaji Valvu ya Kumwaga Hewa?

(Mazungumzo na madereva na mafundi, Mazinde)

Tumeombwa tuzungumzie ile valvu ya kumwaga hewa ambayo vijana wa gereji huiita dampu valvu. Swali mlilotuletea ni hili: tukiifunga kwenye gari la dizeli lenye tabo, tutapata faida? Jibu letu ni hapana. Lakini tungependa mjue sababu, maana sisi wenyewe tuliwahi kuinunua.

Kwanza tuelewane juu ya tabo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo, na feni hiyo huzungusha nyingine inayoshindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi inaweza kuungua vizuri, na nguvu hupanda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Sisi huku faida yake tunaiona tukitoka Mombo kupanda Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na gari lisilo na tabo likiwa na mzigo huhema sana kwenye kona zile.

Sasa valvu yenyewe. Injini ya petroli ina kipepeo kwenye njia ya hewa. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, kipepeo hufunga. Hewa iliyokuwa ikisukumwa na tabo hukuta mlango umefungwa, hurudi nyuma na kuipiga feni. Hapo ndipo valvu hufunguka na kuimwaga hewa nje, na mnasikia ule mlio wa "pshiii". Kwa petroli yenye tabo ina kazi ya kweli.

Dizeli haiendeshwi hivyo. Ukiondoa mguu, kinachopunguzwa ni dizeli tu. Njia ya hewa inabaki wazi, na hewa inaendelea kuingia kwenye injini bila kugonga mlango wowote. Ziko dizeli za siku hizi zenye kipepeo, lakini kazi yake ni nyingine, kama kusaidia kurudisha sehemu ya moshi kwenye injini na kuizima bila mtikisiko. Ndiyo maana valvu zinazouzwa kwa ajili ya dizeli mara nyingi hufunguliwa kwa umeme, kwa swichi inayofungwa kwenye pedali. Injini haina haja nayo. Mnunuzi analipia mlio.

Gari letu lilikuwa linakosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi. Fundi mmoja akatuambia tabo "inabanwa", tufunge valvu. Tukatoa fedha iliyokuwa imetengwa kwa filta na oili. (Mweka hazina wetu wa wakati ule bado hajalisahau jambo hilo.) Siku chache baadaye tulikuwa tukimpeleka mama mgonjwa Bumbuli. Tulipoanza kupanda, valvu ikakwama wazi. Hewa yote ya tabo ikawa inamwagika njiani, moshi mweusi ukazidi, na gari likapanda kwa gia ya kwanza. Watu waliotembea kwa miguu walikuwa karibu kutupita. Mama alifika, lakini alichelewa sana, na sisi tuliomsindikiza hatukuwa na la kumwambia mumewe.

Tuliporudi, fundi mwingine alifungua boneti na kupapasa mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye tabo. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, pasipoonekana, na umelowa oili. Filta ya hewa nayo ilikuwa imejaa vumbi jekundu la barabara za mashamba ya mkonge. Alibadilisha mpira, akaweka filta mpya, akaitoa valvu na kubadilisha bomba lililotobolewa. Gari likarudisha nguvu zake.

Basi ndugu zetu, gari likikosa nguvu anzeni na mpira na filta. Oili ibadilishwe kwa wakati, kwa sababu feni ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na oili chafu huila beringi yake. Mkimaliza mlima na mzigo, msizime injini papo hapo. Iacheni ingurume dakika moja au mbili ili tabo ipoe huku oili ikiendelea kupita. Na mtu asiichanganye valvu hii na ule mlango mdogo wa kwenye tabo wenyewe, unaopunguza moshi unaoizungusha feni. Huo ni wa lazima, msiuguse.

Valvu yetu bado imo kabatini, stoo. Mwenye gari la petroli lenye tabo aje aitazame, tutaelewana bei.