Alijijenga kwa Kitu Gani? Vitabu vya Wanawake Walioanza Maisha Upya

Katikati ya mji mdogo wa Greenbelt, jimbo la Maryland, kilomita zipatazo 20 kutoka Washington, imesimama sanamu ya mama na mtoto wake. Ilichongwa na Lenore Thomas, mmoja wa wasanii walioajiriwa na serikali ya Rais Franklin Roosevelt katika miaka ya 1930. Hatua chache kutoka hapo, kwenye barabara ya Crescent, ipo maktaba ya umma. Msomaji anayeipita sanamu hiyo akienda kuazima vitabu vinavyosimulia wanawake waliopoteza kila kitu kisha wakaanza tena, hupita mahali panapostahili kusomwa kama kitabu.

Greenbelt yenyewe ulikuwa mji wa kuanzia upya. Serikali iliujenga wakati wa msukosuko mkubwa wa uchumi, na familia za kwanza zilihamia mwaka 1937. Nyumba 885 zilizungukwa na miti na njia za kupita kwa miguu, na duka la mji lilikuwa la ushirika. Familia zenye kipato kidogo, ambazo kwingineko zingebanana katika vyumba vibovu, zilipata paa imara na hewa safi. Lakini mlango wa mji huo haukufunguliwa kwa kila mtu. Wafanyakazi weusi walishiriki kuujenga, ila hawakuruhusiwa kuishi humo. Aidha, mpango ulitaka mume awe ndiye mwenye kuleta mshahara, na mke akae nyumbani. Mpango huo haukumfikiria sana mwanamke asiye na mume, au aliyekuwa ameachwa.

Historia hiyo humpa msomaji swali la kwenda nalo maktabani. Vitabu vya namna hii husifiwa zaidi kwa kueleza ujasiri, subira na imani. Hayo yamo, na ni ya kweli. Hata hivyo, anayesoma kwa makini huanza kuuliza jambo jingine: mwanamke huyu alijijenga kwa kitu gani? Alilala wapi usiku wa kwanza? Nani alimlipa ujira? Nyumba ilikuwa kwa jina la nani?

Mwaka ule ule wa 1937, mwandishi Mmarekani mweusi Zora Neale Hurston alichapisha riwaya iitwayo Their Eyes Were Watching God. Janie, mhusika wake mkuu, anaolewa mara tatu, na mwishoni anarejea kijijini peke yake baada ya kumpoteza mume aliyempenda. Majirani wanamtazama na kumsengenya. Mara nyingi wasomaji hukumbuka mapenzi na dhoruba iliyomo kitabuni, wakasahau kwamba Janie anarudi kwenye nyumba iliyo yake, na ana akiba benki. Anaweza kuketi kizingitini pake akasimulia habari zake bila kumwomba mtu hifadhi. Mwandishi mwenyewe hakujaliwa hivyo: alifariki mwaka 1960 katika ufukara, akazikwa katika kaburi lisilo na alama, hadi mwandishi mwenzake Alice Walker alipoliwekea jiwe mwaka 1973.

Kitabu cha pili kina uhusiano wa karibu zaidi na Greenbelt. Virginia Beauchamp, mkazi wa mji huo aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Maryland, alihariri barua na shajara za Madge Preston, mke wa mwanasheria wa Baltimore, zilizoandikwa kati ya mwaka 1862 na 1867. Kitabu kiitwacho A Private War kilitoka mwaka 1987. Nje ya nyumba ile Wamarekani walikuwa wakipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndani yake, mke alikuwa akipigwa na mumewe. Anayetafuta faraja ya haraka atakiweka kando kitabu hiki, kwa sababu hakina siku ya ushindi. Lakini ni dawa kwa wale wanaodhani kila mwanamke aliyekaa alikosa moyo. Bibi Preston alikuwa na moyo. Hakuwa na pa kwenda, wala sheria ya kumlinda. Alichokuwa nacho ni kalamu, na kwa kalamu hiyo aliacha ushahidi uliosomwa miaka mia moja na zaidi baadaye.

Kutoka hapo mkono wa msomaji wa Afrika Mashariki huenda wenyewe kwenye kitabu cha Profesa Wangari Maathai, Unbowed, kilichochapishwa mwaka 2006. Majina ya mji wa Greenbelt na vuguvugu la Green Belt Movement aliloanzisha Kenya mwaka 1977 yanafanana, ingawa kila moja lilizaliwa kwake. Wengi wanamjua Profesa Maathai kama mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Kurasa zinazogusa zaidi, hata hivyo, ni za miaka ambayo hakuna aliyempigia makofi.

Ndoa yake ilivunjika mahakamani mwaka 1979. Alipomkosoa jaji hadharani, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akaachiwa baada ya siku chache. Mumewe alitaka aache kutumia jina lake. Naye, badala ya kulitupa, aliliongezea herufi moja ya "a", likawa Maathai, jina ambalo dunia nzima ilikuja kulijua. Mwaka 1982 aliacha kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akaenguliwa katika uchaguzi, na chuo kikakataa kumrudishia kazi yake. Alitakiwa pia kuondoka katika nyumba ya chuo. Mwanamke mwenye shahada ya udaktari, mama wa watoto watatu, alijikuta hana mume, hana mshahara, na hana makao ya kazini.

Alisimamaje tena? Kitabu kinajibu bila kuficha. Alikuwa amekwisha kununua nyumba ndogo mtaa wa South C, Nairobi, ndiyo iliyompokea. Kisha zikaja fedha kutoka Umoja wa Mataifa na ushirikiano wa chama cha misitu cha Norway, kazi ya kupanda miti ikawa ajira na si hisani tu. Naye akafanya vivyo hivyo kwa wenzake. Wanawake wa vijijini waliotunza miche, wengine wakiiotesha katika makopo na vyungu vilivyovunjika, walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Wataalamu wa misitu walisema kazi ile inahitaji wasomi. Akina mama wale hawakuwa na cheti, na miti ikaota. Senti zile zilikuwa ndogo, lakini zilikuwa mkononi mwa mwanamke mwenyewe.

Kumbukumbu nyingine inayofaa kuwekwa kando ya hii ni ya zamani zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844. Akiwa mtoto alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kiarabu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa meli ya Kiingereza, akaolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, akaitwa Emily, na wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki katika ajali ya tramu. Salme alibaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, mbali na kwao.

Hapa ndipo msomaji hushtuka. Zanzibar, baba yake alipofariki mwaka 1856, Salme alipata fungu lake la urithi, shamba na fedha, akiwa bado msichana. Lakini Hamburg, katika Ulaya iliyojiita yenye ustaarabu, mjane hakuachiwa kusimamia mali yake mwenyewe. Aliwekewa wasimamizi wanaume. Alihama mji hadi mji, akafundisha lugha ya Kiarabu ili kuwalisha watoto, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, kudai haki yake, asipewe. Alifariki Ujerumani mwaka 1924. Maandishi aliyojifunza kwa siri utotoni ndiyo yaliyomfaa kuliko hazina ya ukoo.

Ukiviweka vitabu hivi pamoja, huonekana jambo moja lililo wazi kama mchana. Nyumba, ujira, elimu, jina na watu wa kukushika mkono: hivi ndivyo vilivyotofautisha aliyesimama na aliyeshindwa. Ujasiri wote walikuwa nao. Waswahili husema mvumilivu hula mbivu, na usemi huo una hekima yake. Lakini ukiambiwa mwanamke aliyefukuzwa usiku na watoto wake, hugeuka kuwa njia ya kumfungia mlango kwa maneno matamu. Anayempa kitabu cha namna hii dada, shangazi au jirani aliyepatwa na msiba, ampe pia ufunguo wa chumba, nauli, au nafasi ya kazi ikiwa anayo.

Mwaka 1952 serikali ya Marekani iliwauzia wakazi wa Greenbelt nyumba zao kupitia ushirika, na sheria za kuwabagua watu weusi zimekwisha kufutwa. Leo anayepita katika viwanja vile atakutana na watu wa rangi na lugha nyingi, na wanawake wenye nyumba kwa majina yao wenyewe. Mama wa jiwe bado yupo palepale na mwanawe, na maktaba ipo jirani.